Juu ya Ukuta, Chini ya Bati

Katika Afrika kusini mwa Sahara, makazi yenye ubora unaokubalika, yaani yenye maji salama, choo kinachofaa, nafasi ya kutosha na vifaa vya kudumu, yaliongezeka kutoka asilimia 11 mwaka 2000 hadi asilimia 23 mwaka 2015. Kwetu Tanzania pia nyasi zimepisha bati na udongo umepisha tofali, na kaya nyingi zimelipia mabadiliko hayo kwa jasho la miaka. Hata hivyo, nyumba ya tofali za kuchoma iliyoachwa wazi upenuni, pale ukuta unapokaribia paa, bado haijamzuia mbu. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma usiku, mara nyingi ndani ya nyumba. Hufuata harufu na pumzi za waliolala, na akigonga ukuta hupaa nao mpaka apate upenyo huo.

Nchini Gambia, katika mji wa Farafenni na vijiji vya jirani, watafiti waligawa nyumba kwa kura: baadhi zilizibwa upenuni na kuwekwa wavu milangoni na madirishani, nyingine zikapewa dari ya wavu tu, na zilizobaki zikaachwa zilivyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa mtego mmoja katika nyumba zilizoachwa ulinasa wastani wa mbu wa malaria 37 hivi kwa usiku, dhidi ya 15 katika zilizowekwa wavu kote na 19 katika zenye dari. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 katika nyumba zilizoachwa zilivyo, na asilimia 12 katika kila moja ya makundi mengine mawili. Hiyo dari ndiyo inayostahili kutazamwa sana, maana haikuhitaji kubomoa wala kujenga upya.

Wapo watakaosema chandarua kinatosha, na wana hoja: utafiti mwingine wa Gambia, wa mwaka 2021, haukuona malaria ikipungua zaidi katika nyumba zilizoboreshwa ambako watoto walikuwa tayari wanalala kwenye chandarua. Kwa hiyo asikiondoe mtu. Lakini chandarua humkinga aliye ndani yake tu, na jioni watu huwa sebuleni. Wengine huhofia joto la bati, na hofu hiyo ni ya haki. Ukiziba kwa udongo chumba hukosa hewa, na moshi na kifua kikuu hupata nafasi. Ziba kwa wayameshi, hewa ipite, na madirisha yaelekeane. Mpangaji naye asikate tamaa: fundi seremala anaweza kutengeneza fremu ya wavu inayofungwa kwa skrubu, akahama nayo. Fedha zikitosha chumba kimoja tu, kianze kile wanacholala watoto walio chini ya miaka mitano na mama mjamzito.