Samaki wa Masika

Samaki wa urefu wa kidole, akiletwa nyumbani katika chupa ya maji bila jina wala maelezo, mara nyingi huuawa na huruma ya mwenyeji wake. Humwagiwa maji ya bomba, hutupiwa makombo ya mkate, na asubuhi huokotwa sakafuni akiwa amekauka. Kabla ya chakula na dawa, kwanza ajulikane ni nani.

Rangi hudanganya, kwani samaki mwenye hofu hupauka kabisa. Mapezi ni ushahidi bora. Perege mchanga ana pezi refu la mgongo lenye miiba upande wa mbele na doa jeusi upande wa nyuma. Gapi na gambusia wana kinywa kilichoelekea juu, ila pezi la chini la dume limekuwa kijiti chembamba cha kupandia. Lakini pezi la mgongo likiwa limerudi nyuma, sambamba na pezi pana la chini, na mkia ukiwa wa mviringo usio na panda, basi huenda mgeni ni wa jamii ya Nothobranchius, samaki wa vidimbwi vya mvua wa Afrika Mashariki na kusini yake.

Mfano mzuri ni Nothobranchius guentheri wa Unguja. Mwanasayansi Georg Pfeffer alimwandika mwaka 1893, kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann mwishoni mwa miaka ya 1880. Dume ana mkia mwekundu wenye ukingo mweusi, na mwili wa buluu-kijani ambao kila gamba limezungushiwa wekundu. Jike ni kijivu tupu, ndiyo maana wengi hudhani ni samaki wa aina nyingine kabisa.

Maisha yake ni ya haraka. Dimbwi hujaa masika, samaki huanguliwa, hukua, hutaga matopeni, kisha jua la kiangazi hukausha kila kitu na wazazi hufa. Mayai hubaki hai ndani ya udongo mpaka mvua nyingine. Katika tangi lenye maji mwaka mzima, samaki huyu huishi mwaka mmoja hivi au kuzidi kidogo. Mfugaji anayemwona akikonda na kupinda mgongo baada ya muda huo hana haja ya kukimbilia dawa. Huo ni uzee.

Tangi la lita 20 hadi 40 latosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Madume wawili katika nafasi finyu hupigana bila kuchoka. Kifuniko ni lazima, maana samaki hawa ni warukaji hodari. Maji yawe ya nyuzi 22 hadi 26, na ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Chakula cha vumbi wengi hukikataa. Wanachokitaka ni kinachocheza, kama viluwiluwi vya mbu, ambavyo kwa pwani yetu havijawahi kuadimika.

Ugonjwa unaowaandama zaidi husababishwa na kimelea kiitwacho Piscinoodinium. Kwa macho ya kawaida hauonekani mapema. Tochi ya simu ikimulikwa kwa ubavu gizani, ngozi huonekana imepakwa vumbi laini la dhahabu, na samaki hujikwaruza kwenye mawe huku akihema upesi. Wafugaji wengi hujikinga kwa kuweka chumvi, kama kijiko cha chai kwa lita 10.

Anayetaka vifaranga huweka chombo chenye vumbi la makumbi yaliyochemshwa. Samaki hutagia humo. Vumbi hukamuliwa, likabaki na unyevu kidogo, likafungwa katika mfuko wa plastiki kwa miezi mitatu hivi. Mayai yaliyokomaa hutambulika kwa jicho lenye duara la dhahabu linaloonekana ndani ya ganda. Hapo humwagiwa maji baridi kiasi, na vifaranga huweza kutoka ndani ya saa chache.

Aliyechoka kufuga asimwage samaki mtoni wala bwawani. Gambusia alisambazwa duniani kutoka Marekani ili ale viluwiluwi vya mbu, na mahali pengi akaishia kula vifaranga vya samaki wenyeji na kuwang'ata wakubwa mapezi. Mgeni asiyetakiwa apewe mfugaji mwingine au arudishwe kwa muuzaji.