Mkate Bila Ngano: Mpishi Anajibu

Aliyekatazwa ngano hakatazwi mkate. Kinachomsumbua ni mapishi, hasa ya mikate isiyo ya sukari, ya kulia supu ya pweza au maharage ya nazi.

Nimeoka boflo kwa unga wa mtama, likatoka gumu kama tofali. Nimekosea wapi?

Umechukua mapishi ya ngano ukabadilisha unga tu. Ngano ina gluteni, protini inayovutika na kushika hewa ya hamira. Mtama, mchele, mahindi na muhogo hazina. Hata ukande nusu saa, donge halitavutika. Anza na mikate ambayo asili yake haina ngano kabisa.

Ipi hiyo?

Pwani tuna mofa, mkate wa mtama wa tanuri la udongo, na mkate wa kumimina wa mchele. Wahabeshi wana injera ya tefu. Wahindi wana dosa, ya mchele na choroko nyeusi. Wabrazili huoka vimkate vya wanga wa muhogo na jibini. Ukitafuta mapishi, tafuta kwa majina haya. Ukiandika “mkate bila ngano” utaletewa orodha ya unga usiouzwa dukani kwako.

Lakini mkate wa kumimina si mtamu?

Utamu ni wa sukari, mchele hauna lawama. Roweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, kisha uchuje. Saga kwa blenda pamoja na tui zito kikombe 1 na robo, hamira kijiko 1 cha chai na sukari kijiko 1 cha chai, ya kuamshia hamira tu. Saga mpaka ukifikicha kwa vidole usisikie chenga. Uji uwe mzito kama wa vitumbua. Funika kama saa 1, hadi uumuke na kutoa mapovu. Tia ute wa mayai 2, chumvi kijiko 1 cha chai, kitunguu kilichokaangwa, kotmiri na pilipili mbichi. Mimina kwenye sufuria yenye mafuta iliyokwisha kupata moto. Pembeni pakianza kushika, funika, uweke makaa juu ya mfuniko. Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 180, dakika 30 hadi 35.

Unga mwingine nautumiaje?

Kila unga na tabia yake. Mtama umwagie maji yanayochemka kabla ya kukanda: wanga ukiiva kidogo hushikana, na chapati haipasuki ukiisukuma. Muhogo hunata, kwa hiyo usizidi robo ya mchanganyiko, la sivyo utakula gundi. Unga wa dengu, ule wa bagia, unafaa chapati za maji: kikombe 1 cha unga, kikombe 1 cha maji, chumvi na bizari nzima. Uache utulie nusu saa, kisha upike kwenye kikaango cha moto.

Mwenye ugonjwa wa seliaki, asiyetakiwa kula gluteni kabisa, ajihadhari na nini?

Shayiri na rai nazo zina gluteni, na semolina ni ngano yenyewe. Ukinunua “chapati ya mtama”, uliza kama haikuchanganywa na ngano, maana wengi huchanganya ili isukumike. Mashine iliyotoka kusaga ngano huacha unga ndani, nao utaingia kwenye mtama wako. Chagua na uoshe nafaka zako, kisha uzisage nyumbani au kwenye mashine isiyosaga ngano.

Tumbo hunijaa nikila mkate. Niache ngano leo?

Usiache kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha seliaki huonyesha ukweli kwa mtu anayeendelea kula ngano. Ukishaiacha kwa muda, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa unao. Nenda hospitali kwanza, mchele uuroweke baadaye.