Bunduki ya mzee itabaki na nani?

Ndugu wakulima wa Kamina, wengi wetu tuko na bunduki ya kuwinda nyumbani. Lakini macho yakififia, ao ugonjwa ukimlaza mzee, nani ataichunga? Watoto watagombana, mjukuu ataichezea.

Tufanye hivi tungali na nguvu:

1. Tuite jamaa, tuchague mtu mmoja mwenye roho ya kutulia, asiyelewa pombe.

2. Sheria ya silaha iko tangu 1985. Karatasi ya ruhusa iko na jina la mtu mmoja: mrithi aombe yake kwa serikali mbele ya kuishika bunduki.

3. Tutoe risasi, tuzifungie mbali na bunduki.

4. Kama hakuna anayefaa, tuirudishe kwa serikali mbele ya mashahidi.

Mzee akinyamaza, anaachia watoto kesi.