Nyimbo Zisizo na Kinanda, na Sababu ya Kuzipenda

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari za nyimbo ziimbwazo kwa sauti za watu peke yake, pasipo kinanda, wala gitaa, wala ngoma. Waitalia huuita uimbaji huo a cappella, maana yake, kwa desturi ya kanisa dogo la sala.

Jambo hili si dogo kwetu. Katika sharika nyingi vinanda vya umeme vimeingia, navyo vimewasaidia waimbaji. Hatuvikatai, maana Zaburi ya 150 yataja tarumbeta, na kinubi, na matoazi, kuwa vyote vyafaa kumsifu Mungu. Walakini twaona jambo moja la kusikitisha. Umeme ukikatika katikati ya ibada, kwaya hunyamaza, na watu huangaliana. Wazee waliofundishwa sauti nne kwa do-re-mi wanapungua, na vijana wengi hawakujifunza kwao. Basi yafaa tuulize: watu wasioweza kuimba pasipo mashine wamepoteza nini? Ili tupate kujibu, tumechagua nyimbo nne tuzipendazo, tuangalie nguvu ya kila mmoja yatoka wapi.

1. Wimbo wa Luther wa Zaburi ya 130. Wimbo huu wa mtu aliaye kutoka vilindini ulipigwa chapa mwaka 1524, katika vitabu vya kwanza vya nyimbo za Matengenezo ya Kanisa. Sikilizeni tuni yake ya zamani ianzavyo: sauti yashuka hatua tano mara moja, kama mtu atumbukiaye shimoni, kisha yapanda tena palepale ilipotoka. Mtu asiyejua maneno hata moja aweza kufahamu kwamba huyu aimbaye yuko mahali pa chini, naye anaita juu. Mwaka 1546, mwili wa Luther ulipopitishwa katika mji wa Halle, watu waliimba wimbo huo huku wakilia.

Tena lipo fundisho jingine. Mwaka huohuo wa 1524 Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, na Luther akakiandikia dibaji. Lakini katika kitabu hicho tuni mara nyingi iliwekwa katika sauti ya tatu, yaani tena, ikazungukwa na sauti nyingine. Kwaya iliweza kuimba vizuri, bali mtu wa kawaida aliyeketi kanisani hakuweza kuiona njia ya kuifuata. Mwaka 1586 Lucas Osiander, mhubiri katika nchi ya Württemberg, akatoa nyimbo hamsini za sauti nne, akaiweka tuni juu, katika sauti ya kwanza, ili watu wote waisikie na kuimba pamoja na kwaya. Hakuongeza chombo cho chote. Aligeuza mpango wa sauti tu, na mlango ukafunguka. Walimu wa kwaya walikumbuke jambo hili: uzuri unaowafungia watu nje si uzuri wote.

2. Wimbo wa sauti arobaini. Thomas Tallis, Mwingereza, aliutunga karibu na mwaka 1570. Jina lake kwa Kilatini ni Spem in alium. Maneno yake ni ya mtu asiyeweka tumaini lake kwa mwingine ila kwa Mungu. Waimbaji wamegawanyika katika kwaya nane, na kila kwaya ina sauti tano. Nane mara tano ni arobaini, wala hakuna sauti mbili zinazoimba njia moja. Sauti ya kwanza huanza peke yake. Ya pili huifuata, na ya tatu, mpaka wimbo umepita kutoka kwaya hata kwaya kama upepo upitao katika shamba la mtama. Kisha huja mahali ambapo wote hunyamaza kitambo kidogo sana, halafu wote arobaini huingia kwa pamoja.

Twaupenda kwa sababu hii: katika sauti arobaini hakuna hata moja iliyo ya bure, wala hakuna iwezayo kusema, Wimbo ni wangu. Kila mwimbaji hushika njia yake kwa uthabiti, na tena huwasikiliza wenzake thelathini na tisa. Mtu asiyeweza kunyamaza hawezi kuimba wimbo huu, maana kungoja ni sehemu ya kazi yake.

3. Wimbo wa watumwa wa Marekani. Mwaka 1866, baada ya vita vilivyoukomesha utumwa nchini Marekani, shule ya Fisk ilifunguliwa katika mji wa Nashville kwa ajili ya watu waliowekwa huru. Baada ya miaka michache shule ilikuwa imeelemewa na madeni. Mwekahazina wake, George White, ambaye alifundisha kuimba pia, akachagua vijana tisa, na tarehe 6 Oktoba 1871 wakatoka kwenda kuimba miji kwa miji ili wapate fedha. Wengi wao walizaliwa utumwani. Wakaitwa Jubilee Singers, kwa kuukumbuka mwaka wa yubile ulioandikwa katika Mambo ya Walawi 25, mwaka wa kuachiliwa watumwa.

Hapo kwanza waliimba zaidi nyimbo zilizopendwa na wasikilizaji weupe. Nyimbo za wazazi wao hawakutaka kuziimba hadharani, kwa kuwa kwao zilikuwa takatifu, tena ziliwakumbusha machungu ya utumwa. Lakini walipoimba mmoja katika nyimbo hizo, uitwao Steal Away, watu waliguswa mno. White aliwafundisha kuanza kwa sauti ndogo kabisa, hata chumba kizima kikanyamaza ili kipate kusikia. Hawakuhitaji chombo cha kuutia nguvu wimbo huo. Nguvu ilikuwa katika mambo waliyoyajua. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria huko Uingereza. Kwa fedha walizopata shule iliokoka, na jengo kubwa liitwalo Jubilee Hall, lililomalizika mwaka 1876, limesimama hata leo. Nyumba hiyo twaweza kusema ilijengwa kwa nyimbo.

4. Mfurahini, Haleluya. Huu ni wa kwetu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, alipokuwa mwanafunzi wa theolojia huko Makumira, aliandika maneno yake kwa Kiswahili, yakaimbwa kwa tuni ya Wahaya. Mwalimu Howard Olson wa Makumira akayatafsiri kwa Kiingereza, na leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani kilichotolewa mwaka 2006. Hivyo wimbo uliotoka kwetu umekwenda kwao waliotuletea nyimbo.

Tazameni jinsi ulivyojengwa. Beti zasimulia habari za asubuhi ya Pasaka hatua kwa hatua, na baada ya kila ubeti huja kiitikio kilekile. Bibi asiyejua kusoma, na mtoto aliyekuja kanisani mara ya kwanza, wakisikia kiitikio mara mbili wamekwisha kukishika. Tuni haikuletwa na kinanda, kwa hiyo haikosi kitu kinanda kisipokuwapo.

Basi, katika nyimbo hizi nne twaona nini? Wa kwanza watufundisha kwamba sauti yenyewe yaweza kuhubiri maana ya maneno. Wa pili watufundisha kusikilizana. Wa tatu kwamba unyonge ukiimbwa kwa kweli una nguvu. Wa nne kwamba wimbo mwema huwapa watu wote mahali. Kinanda hakiharibu mambo hayo, lakini hakiwezi kutufanyia. Twasoma katika Mathayo 26:30 kwamba Bwana na wanafunzi wake waliimba baada ya chakula, ndipo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Hapo hapatajwi chombo cho chote. Katika usiku ule mzito walikuwa na sauti zao, nazo zilitosha.

Kwa walimu wa kwaya twashauri haya. Kila juma chagueni wimbo mmoja wa kuimba pasipo kinanda. Pateni sauti ya kuanzia, kisha kifungeni chombo. Kwaya iimbayo hivyo huelekea kushuka sauti kidogo kidogo. Kwa hiyo wote waisikilize sauti ya nne, iliyo msingi, wala wasivute pumzi wote kwa mara moja. Imbeni kwa sauti ndogo kwanza, hata kila mtu amsikie jirani yake. Msipomsikia jirani, mmezidi kupaza. Waiteni wazee wanaojua sauti ya tatu na ya nne, wakae karibu na vijana. Fanyeni hivyo mapema, maana mwalimu akiisha kuzikwa, sauti yake haitafutwi kitabuni.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini Osiander aliiondoa tuni katika sauti ya tatu, akaiweka juu?
2. Vijana wa Fisk waliogopa nini, na kwa nini nyimbo za wazazi wao ziliwagusa watu?
3. Ni nyimbo gani usharika wenu waweza kuimba kwa sauti nne leo, umeme ukizimika? Zihesabuni.
4. Ni nani kati yenu ajuaye wimbo ambao hakuna kijana aujuaye? Nani atakwenda kwake juma hili ili afundishwe?