Ukiona Alama Mwilini mwa Mtoto, Mwalimu Ufanyeje?

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, tukirudi kutoka BTP tunasimuliana habari za maandalio ya somo na madarasa yaliyojaa. Mimi nimerudi na swali.

Nilipangiwa shule moja ya msingi mkoani kwetu Njombe. Darasa la nne kulikuwa na binti ambaye havui sweta hata jua likichoma. Siku moja alikunja mikono ya sweta ili afute ubao, nikaona alama za waya, mpya na za zamani. Kumuuliza, akasema ameanguka. Nikaenda ofisini. Mwalimu mmoja akaniambia, "Mdogo wangu, wewe utaondoka. Sisi tunaishi na hawa watu."

Sikumlaumu sana. Ugumu upo, na ni huu:

1. Hofu ya kukosa ushahidi. Wengi tunadhani lazima tuthibitishe kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa serikali ya eneo lake. Yaani taarifa tu inatosha. Kuchunguza ni kazi ya afisa ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto.

2. Umbali. Mimi kwetu ni Ipelele, wilaya ya Makete. Kumfuata afisa wa wilaya ni nauli na siku nzima, na masika ndiyo usiseme. Wakati huo mtoto analala kwa yule yule anayempiga.

3. "Tuyamalize kifamilia." Njombe inaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022/23. Yatima wengi wanalelewa na bibi, shangazi au baba mdogo. Mtoto akisema ukweli, anajiuliza: kesho nitakula kwa nani? Ndiyo maana anasema ameanguka.

4. Fimbo yetu wenyewe. Mtoto uliyemchapa asubuhi kwa kuchelewa hawezi kukueleza mchana habari za fimbo za nyumbani.

Sasa tufanyeje? Andika ulichoona na tarehe. Msikilize mtoto mara moja, faragha, bila kumbana wala kumwahidi siri. Usikimbilie kumwita mlezi, maana jioni mtoto ndiye atakayelipa. Mweleze mwalimu mkuu na mtendaji. Wakisuasua, piga 116, Simu kwa Mtoto, ni bure.

Mimi nilipiga 116 siku ya tano, na afisa ustawi akaja. Siku nne za mwanzo nilikuwa natafuta uhakika. Siku zote hizo nne, kengele ya mwisho ikilia, yule binti alichukua daftari zake akarudi nyumbani, nami namwangalia.

Mwenzangu, wewe usisubiri siku nne.