Gego Lililoacha Kuuma na Haja ya Kuvishwa Taji

Gego lililotibiwa mzizi huacha kuuma, na wagonjwa wengi hudhani tiba imekwisha. Maumivu hukoma kwa kuwa kiini chenye neva kimeondolewa. Jino lenyewe limebaki dhaifu. Udhaifu huo hutokana hasa na kuta zilizopotea kwa kuoza na kuchimbwa. Mgonjwa atafunapo, kuta zilizosalia husukumwa kando. Ufa ukishuka chini sana ya ufizi, mara nyingi jino hung'olewa.

Taji, yaani kofia ngumu inayovishwa jino, huzishika kuta hizo pamoja. Huhitajika pia pale tundu linapokuwa pana mno kuzibwa tu, au jino lenye ufa linapouma wakati wa kutafuna. Tundu dogo huzibwa. Kadhalika jino la mbele lililotibiwa mzizi, ikiwa sehemu yake kubwa ingali nzima.

Ili taji lishike vema, juu ya ufizi panatakiwa kusalia takriban milimita 2 za jino zima kulizunguka. Anayeahirisha huenda akaipoteza sehemu hiyo. Baada ya kuvishwa, mpaka wa taji na jino husafishwa kila siku, kwani jino chini yake bado laweza kuoza.