Upepo ni wa Wote, Ardhi Ina Wenyewe

ELIMU KWA UMMA: Maoni ya wananchi na umeme wa upepo

Jioni moja hapa Kona ya Musa stima ilikuwa imepotea, majenereta ya maduka yananguruma, na mazungumzo kwenye kahawa yakaingia upepo. Kijana wa bodaboda alitaka kujua kwa nini upepo wa kusi unavuma miezi mitatu minne na bado tunakaa gizani.

"Si watuletee yale mapangaboi makubwa ya Ngong?" akasema.

Mzee aliyekuwa na kikombe mkononi akamuuliza, "Na yatasimama shambani kwa nani, mwanangu?"

"Popote, mzee. Bora si kwetu."

Watu walicheka. Lakini ndani ya maneno hayo machache kuna somo zima. Makala haya hayatangazi mradi wowote. Nia yake ni kumwandaa mkaazi, ili siku mwekezaji wa kawi atakapobisha hodi, awe anajua la kuuliza.

Kukubali kawi safi si kukubali kila mradi

Ukiuliza watu kama wanapenda umeme usio na moshi, wengi watasema ndio. Ukiuliza kama mtambo usimame karibu na nyumba yao, majibu hubadilika. Ni hivyo Kenya, na ni hivyo Ujerumani na Uingereza, ambako mitambo hii ni mingi kuliko huku kwetu.

Wako wanaosema huo ni ubinafsi. Yaliyotokea nchini mwetu yanaonyesha vingine. Mara nyingi wanaopinga hawana ugomvi na upepo. Wana maswali kuhusu ardhi, fidia, usalama, na kama waliulizwa kabla mambo hayajaamuliwa.

Kwa nini mitambo haijengwi kila mahali

Nguvu iliyomo ndani ya upepo hupanda haraka kuliko kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Ndiyo maana wawekezaji hufuata sehemu zenye upepo mkali usiokatika, kama vile Loiyangalani kule Marsabit, vilima vya Ngong na Kajiado.

Pwani tuna kaskazi na kusi, na kati yao kuna majuma ya shwari ambayo kila mvuvi anayajua. Kwa hiyo kabla ya kujenga, kampuni husimamisha mlingoti wa kupima upepo kwa mwaka mzima au zaidi. Ukiona mlingoti huo kijijini, jua kwamba mradi bado haujaanza, ila wakati wa kuuliza umeshafika.

Mifano minne ya kujifunza

Kinangop, Nyandarua. Mradi wa megawati 60 hivi ulipangwa kwenye mashamba ya wakulima. Kukazuka hofu kuhusu ardhi na afya, na majibu ya kuaminika hayakuwafikia watu mapema. Maandamano yakafuata mwaka wa 2015, mtu mmoja akapoteza maisha, na mwaka wa 2016 mradi ukaachwa. Wakulima walikosa kodi ya ardhi, wawekezaji wakapoteza fedha zao, na nchi haikupata umeme.

Loiyangalani, Marsabit. Huu ndio mradi mkubwa zaidi wa upepo nchini, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018. Lakini wakaazi walikuwa wamekwenda mahakamani tangu 2014 kuhusu ekari 150,000 za ardhi. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki zilipatikana bila kufuata sheria. Umeme unazalishwa, lakini suala la ardhi halikumalizwa mwanzoni, nalo limeufuata mradi hadi kortini.

Kipeto, Kajiado. Hapa kuna mitambo 60 yenye uwezo wa megawati 100, iliyoanza kazi ya kibiashara mwaka wa 2021. Familia zinazomiliki ardhi zilikodisha sehemu za mashamba yao, zinapata malipo, na zinaendelea kulisha mifugo chini ya mitambo. Kwa kuwa tumbusi hupita eneo hilo, mpango wa kuwalinda uliwekwa ndani ya mradi. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba mwenye ardhi aliendelea kuwa mwenye ardhi.

Lamu. Huu haukuwa mradi wa upepo. Ulikuwa wa makaa ya mawe, lakini unatuhusu kwa sababu ya sheria. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi huo, na sababu moja kubwa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mkutano wa wananchi si shughuli ya kupigia picha tu. Ukifanywa vibaya, leseni inaweza kuanguka.

Na hapa Kwale

Nasi tunao mfano wetu. Wakaazi wa Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, wanalinda mikoko na kuuza hewa kaa tangu 2013. Jamii yenyewe hukaa na kuamua pato litumike wapi, na limesaidia maji na shule. Mtu wa Gazi haambiwi faida ya mradi kwa mabango. Anaiona bombani.

Hofu ya kweli na uvumi

Kelele za mitambo ni jambo la kweli, na umbali kutoka nyumba za watu unafaa kupimwa. Kivuli cha mapanga yanayozunguka kinaweza kusumbua nyumba iliyo karibu. Ndege na popo hugongwa. Haya yote ni ya kuuliza bila haya. Lakini ukisikia kwamba mitambo ya upepo inaleta saratani, jua hakuna ushahidi wa kisayansi wa jambo hilo. Tukipeleka uvumi barazani, hoja zetu za kweli hazitasikilizwa.

Sheria inakupa nini

Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza ushiriki huo katika kutunza mazingira. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii lazima uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo katika mkutano wao. Nayo Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi.

Maswali ya kwenda nayo barazani

1. Ardhi inanunuliwa au inakodishwa? Kwa miaka mingapi?
2. Malipo ni kiasi gani, yatapanda lini, na nani atayapokea?
3. Je, tutaendelea kulima na kulisha mifugo?
4. Umeme utafika kijijini, au utapita juu yetu kwenda gridi?
5. Makaburi, kaya na njia za ng'ombe zimewekwa kwenye ramani?
6. Mitambo ikizeeka, nani ataiondoa?

Unapotoa maoni, sema kijiji chako, jambo lenyewe, sababu na pendekezo. "Siutaki mradi huu" ni maoni, lakini ni vigumu kuyafanyia kazi. "Mtambo wa pili uko karibu mno na madrasa, naomba usogezwe" ni maoni ambayo afisa lazima ayajibu. Yaandike, baki na nakala, na uulize yatajibiwa lini. Msimamizi wa wadi yako ndiye wa kuanzia.

Kijana wa bodaboda alitaka stima, na ana haki nayo. Mzee aliuliza shamba la nani, na ana haki ya kujibiwa. Mradi mzuri ni ule utakaowajibu wote wawili kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.